Nani Yuko Ofisini Mwezi wa Saba?

Kila mwaka nchini Marekani kuna vijana wanaomaliza sekondari, wanaomba chuo, wanakubaliwa, wanathibitisha kwa maandishi kwamba watakwenda, kisha masomo yanapoanza mwishoni mwa Agosti hawaonekani. Si katika chuo kile walichokubaliwa, wala kingine chochote. Watafiti Benjamin Castleman na Lindsay Page, walioandika kitabu kizima kuhusu jambo hili mwaka 2014, wanakadiria kwamba katika kila vijana 100 waliokusudia kwenda chuo, kati ya 10 na 20 hupotea katika miezi ile michache ya likizo ndefu. Katika wilaya za shule zenye watoto wengi wa familia maskini idadi hupanda kupita hapo.

Hawakufeli, na wengi wao hawakughairi. Walikwama. Mmoja aliletewa bili yenye malipo ya bima ya afya ambayo angeweza kusamehewa kama angejaza fomu fulani kabla ya tarehe fulani, naye hakujua kwamba fomu hiyo ipo. Mwingine alitakiwa kuthibitisha kipato cha mzazi, barua ikatumwa kwenye akaunti ya chuo ambayo hajawahi kuifungua. Mwingine alihitaji cheti cha chanjo, au kulipia nafasi ya bweni, au kufanya mtihani wa kumpanga darasa la hesabu. Kila kitu kati ya hivyo ni kidogo. Lakini vyote humwangukia kijana katika Juni na Julai, wakati shule yake ya sekondari imefungwa, mshauri wake yuko likizo, na chuo bado hakimjui.

Nimezisoma ripoti za miradi ya kuwaandaa vijana kwa chuo kwa muda mrefu, na sababu yangu si udadisi mtupu. Watoto wa Waswahili wengi, hasa waliotoka mashariki ya Kongo wakapitia kambi za Kigoma na Kakuma, sasa wamo katika hesabu hizo. Nilichokiona katika ripoti hizo ni kwamba mpango ukiandikwa huwa na masomo ya ziada, ziara za vyuo, mazoezi ya mitihani na semina za wazazi. Ukifika kwa wenyewe, swali linaloamua mambo ni jepesi kuliko hayo yote: kuna mtu anayemjua kijana huyu kwa jina, na je, mtu huyo yuko kazini mwezi wa saba?

Mkongwe wa mipango hii ni Upward Bound. Ulitokana na Sheria ya Fursa za Kiuchumi ya mwaka 1964, moja ya nyenzo za Rais Lyndon Johnson katika vita alivyotangaza dhidi ya umaskini, na ulianza kwa majaribio katika majira ya joto ya 1965 chini ya ofisi iliyoongozwa na Sargent Shriver. Vyuo vichache vilifungua mabweni yao, ambayo vinginevyo yangekaa matupu, wakaingia vijana wa sekondari ambao katika koo zao hakuna aliyewahi kulala bweni la chuo. Mwaka huohuo Sheria ya Elimu ya Juu ikazaa mpango wa pili, Talent Search, wa kuwatafuta vijana wenye vipaji na kuwaonyesha njia. Mwaka 1968 ukaongezwa wa tatu, wa kuwashika mkono waliokwisha kuingia chuoni. Familia hiyo ya mipango ikaitwa TRIO, jina lililobaki hata baada ya watoto kuzidi watatu, na katika miaka ya karibuni Bunge limekuwa likiitengea zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka.

Ni vizuri kujua nani anaingia, kwa sababu watu wengi hudhani mpango huu ni wa watu wa rangi fulani. Sheria haitaji rangi. Inadai kwamba theluthi mbili ya washiriki wa kila mradi wawe na sifa mbili kwa pamoja: familia yenye kipato kisichozidi asilimia 150 ya kiwango rasmi cha umaskini, na wazazi ambao hawana shahada ya chuo kikuu. Theluthi iliyobaki inatosha kuwa na sifa moja, au kuwa katika hatari kubwa ya kushindwa masomo. Ndiyo maana Upward Bound utaukuta katika vijiji vya Wazungu maskini kwenye milima ya Appalachia, katika maeneo ya Wahindi Wekundu, katika mitaa ya Weusi na ya Walatino, na siku hizi katika miji ambako wakimbizi wamepewa makazi. Mahakama ya Juu ya nchi ilipopiga marufuku, Juni 2023, matumizi ya rangi katika kuwachagua wanafunzi wa vyuo, programu nyingi za majira ya joto zililazimika kuandika upya vigezo vyao. Upward Bound, kwa sehemu hiyo, haukuwa na la kubadili.

Moyo wa mpango ni yale majuma sita hivi ya majira ya joto. Sheria inataka wafundishwe hesabu, sayansi ya maabara, uandishi, fasihi na lugha ya kigeni. Ni sawa. Lakini waliowahi kufanya kazi katika miradi hii wanajua kwamba kijana anajifunza mengi pia nje ya darasa: kwamba profesa ana saa za kupokea wageni na unaruhusiwa kugonga mlango; kwamba ofisi ya msaada wa fedha ina dirisha, na nyuma ya dirisha kuna binadamu; kwamba ukila vibaya juma zima hakuna wa kukuuliza. Mtoto wa daktari huyajua haya kwa kusikiliza maongezi ya mezani nyumbani. Mtoto wa mfagiaji hupewa majuma sita ayajue.

Sasa tazama jambo dogo ambalo sheria hiyohiyo imeliweka. Mradi unaruhusiwa kumpa mshiriki posho, na sheria kama ilivyorekebishwa mwaka 2008 iliweka ukomo: dola 60 kwa mwezi wakati wa likizo ya majira ya joto, dola 40 kwa mwezi katika miezi mingine. Kima cha chini cha mshahara cha taifa zima, tangu mwaka 2009, ni dola 7.25 kwa saa. Kwa hiyo posho ya mwezi mzima ni sawa na saa nane na kidogo za kukaanga viazi mgahawani. Kijana wa miaka 16 ambaye mshahara wake wa likizo ndio unaolipa umeme wa nyumbani, anaambiwa aache kazi majuma sita, aende akasome, alipwe mshahara wa siku moja kwa mwezi. Ipo nafasi ya kulipwa dola 300 kwa mwezi kwa walio katika mpango wa kujifunza kazi, lakini hizo ni nafasi za wachache. Anayeshindwa kukubali mpango huu mara nyingi ni yuleyule ambaye ulibuniwa kwa ajili yake, na mwenye kuweza kuukubali ni yule ambaye nyumbani kwake pana nafuu kidogo. Hakuna mtu aliyekaa akapanga iwe hivyo. Aliyeandika dola 60 alikuwa anafikiria nauli na sabuni.

Kisha kuna namna ya kuwachagua. Fedha hutolewa kwa ushindani kila baada ya miaka mitano, na mradi uliofanya vizuri katika awamu iliyopita huongezewa alama. Kufanya vizuri maana yake ni wanafunzi wangapi walimaliza sekondari, wangapi waliingia chuo, wangapi walihitimu. Mwongoza mradi aliye na nafasi moja na waombaji wawili anamwona mbele yake msichana mwenye alama nzuri, anayetaka kuwa mwanasheria, ambaye mama yake amekuja naye. Na mvulana mkimya, mwenye alama za kati, anayesema labda atatafuta kazi ya ghala. Kila hesabu ya ofisini inamwelekeza kwa msichana. Simlaumu. Akikosa alama katika awamu ijayo, mradi unafungwa na vijana wote wanakosa.

Tathmini kubwa ya taifa, hata hivyo, ilionyesha kitu kinachouma kuhusu chaguo hilo. Tathmini hiyo ilifanywa na kampuni ya Mathematica kwa niaba ya Wizara ya Elimu, kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990, katika miradi 67 iliyoteuliwa. Waombaji waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi wakapewa nafasi, wengine wakawekwa katika kundi la kulinganisha, wakafuatiliwa kwa miaka mingi. Ripoti ya mwisho ilitoka mwaka 2009. Ilisema kwamba kwa jumla Upward Bound haukuonekana kuongeza idadi ya wanaoingia vyuoni. Lakini kwa wanafunzi ambao mwanzoni hawakutarajia kufika shahada, yaani wale wa mfano wa yule mvulana mkimya, ongezeko lilionekana wazi. Pia wale waliokaa muda mrefu katika mradi walifanya vizuri kuliko walioondoka mapema.

Ripoti hiyo ilizua ugomvi mkubwa, na nadhani wenye miradi walikuwa na hoja. Kwa namna sampuli ilivyopangwa, mradi mmoja tu kati ya hiyo 67 ulipewa uzito wa asilimia 26 ya hesabu yote, na mradi huo haukufanana na mingine. Margaret Cahalan, aliyewahi kuisimamia tathmini hiyo upande wa Wizara, alirudia hesabu bila mradi huo, na matokeo yakageuka kuwa mazuri. Aidha, wengi katika kundi la kulinganisha hawakukaa bure. Waliokosa nafasi Upward Bound walijiunga na programu nyingine za aina hiyohiyo mtaani kwao, kwa hiyo tathmini ilikuwa ikilinganisha msaada na msaada mwingine, si msaada na upweke.

Wizara ilipotaka, mwaka 2006, kufanya tathmini mpya ambayo ingezilazimisha ofisi za miradi kuwatafuta waombaji mara mbili ya nafasi ili nusu wanyimwe kwa bahati nasibu, wafanyakazi wa miradi walikataa. Ni kazi nzito kumfuata kijana shuleni, kumshawishi kwamba anafaa chuo, kumkalisha na mama yake wajaze fomu, kisha kumwambia kwamba kura haikumwangukia. Bunge liliwasikiliza na kuizuia tathmini. Naelewa kwa nini watafiti walihuzunika: bila kura hatujui kwa hakika kinachofanya kazi. Lakini katika mtaa mdogo kijana aliyeitwa na kurudishwa huwasimulia wenzake, na mwaka unaofuata mlango huo haugongwi tena.

Mwaka 2017 ulileta fundisho la aina nyingine. Makumi ya maombi ya fedha za Upward Bound yalitupwa na Wizara bila kusomwa kwa sababu ya umbo la maandishi, hasa nafasi baina ya mistari. Maelekezo yalitaka kila ukurasa uwe na nafasi mbili, hata ndani ya majedwali. Chuo Kikuu cha Montana Western kilikuwa miongoni mwa waliokataliwa: ndani ya ombi la kurasa nyingi, sehemu ndogo ya majedwali haikuachiwa nafasi hiyo. Miradi iliyokuwa na miongo ya kazi vijijini ikawa inahesabu majuma hadi kufungwa. Wabunge wa vyama vyote viwili wakapaza sauti, Waziri Betsy DeVos akaagiza maombi yasikataliwe tena kwa makosa ya umbo, na mwishowe yaliyotupwa yakafikiriwa upya. Wakati yote hayo yanatokea, majira ya joto yalikuwa yanakuja, na vijana walikuwa hawajui kama mabweni yatafunguliwa.

Karatasi hazimwachi kijana pia. Fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo, ijulikanayo kwa ufupisho wa FAFSA, ndiyo lango la kila ruzuku na kila mkopo wa serikali ya Marekani. Kwa miaka mingi ilikuwa na maswali zaidi ya 100 kuhusu kodi, mali na kaya. Mwaka 2008 watafiti Eric Bettinger, Bridget Terry Long, Philip Oreopoulos na Lisa Sanbonmatsu walifanya jaribio ambalo natamani kila mpanga miradi alisome. Katika majimbo ya Ohio na North Carolina, familia zenye kipato kidogo zilizokwenda kwa kampuni ya H&R Block kujaziwa fomu za kodi zilipewa msaada mmoja zaidi: karani aliyekuwa na taarifa zao mezani alitumia dakika chache kuwajazia na FAFSA. Kundi jingine lilipewa maelezo tu, yaliyoandikwa vizuri, yenye makadirio ya msaada ambao wangepata na ada za vyuo vya karibu.

Katika familia zilizojaziwa fomu, watoto waliomaliza miaka miwili ya chuo walipanda kutoka asilimia 28 hadi 36. Waliopewa maelezo peke yake hawakubadilika.

Nimelirudia tokeo hili mara nyingi kichwani. Tunapenda kuamini kwamba maskini amekosa habari, kwa sababu habari ni rahisi kutoa; unachapisha kipeperushi, unafungua tovuti, unaita kikao. Hapa habari ilitolewa kwa ukarimu, ikakaa juu ya meza. Kilichoinua watu ni mkono wa mtu mwingine juu ya fomu ileile.

Bunge lilijaribu kuondoa haja ya mkono huo. Sheria ya Desemba 2020 iliagiza fomu ifupishwe, na nia ilikuwa njema kabisa. Fomu mpya ilipaswa kufunguliwa tarehe 1 Oktoba 2023 kama ilivyo desturi ya kila mwaka. Ilifunguliwa tarehe 30 Desemba, tena kwa vipindi vifupi kwa siku. Maswali yalikuwa yamepungua kweli, hata chini ya 40 kwa watu wengi. Lakini mwanafunzi ambaye mzazi wake hakuwa na namba ya hifadhi ya jamii alikwama mlangoni kwa miezi, na vyuo havikuanza kupokea taarifa za waombaji hadi Machi 2024. Wenye washauri walivuka mwaka ule kwa shida. Wasio na mshauri wengi waliacha kujaza. Fomu fupi ilihitaji mtu kuliko ile ndefu.

Na sasa nifike pale ambapo miradi hii, kwa maoni yangu, imejifunza somo kinyume. Castleman na Page walipogundua jinsi vijana wanavyoyeyuka katika likizo, walijaribu kuwazuia kwa ujumbe mfupi wa simu. Mwaka 2012, katika miji kama Dallas na miji kadhaa ya Massachusetts, vijana waliomaliza shule walitumiwa ujumbe wa kuwakumbusha: mwisho wa kulipa bili yako ni tarehe hii, fomu ya bweni iko hapa, ukitaka mtu wa kukusaidia jibu ujumbe huu. Gharama ilikuwa kama dola 7 kwa mwanafunzi, na mahali ambapo vijana hawakuwa na msaada mwingine, walioingia chuo waliongezeka. Habari hiyo ikapokelewa kwa shangwe. Dola 7! Kila wizara na kila mfuko wa hisani ukataka.

Basi ujumbe ukapanuliwa. Katika majaribio ya taifa, yaliyohusu wanafunzi zaidi ya 800,000, ujumbe ulitumwa na taasisi kubwa, kwa maneno yaliyopimwa kitaalamu, kuwahimiza wajaze FAFSA. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: hakuna athari. Hawakupata msaada zaidi, hawakuingia chuo zaidi. Kitu kama hicho kilitokea kwa bahasha za Caroline Hoxby na Sarah Turner, zilizogharimu kama dola 6 na kubeba habari za vyuo bora na misamaha ya ada kwa vijana maskini wenye alama za juu. Jaribio lao, lililochapishwa mwaka 2013, lilipata mafanikio. Shirika la mitihani la College Board lilipozipeleka kwa wingi, athari haikuonekana.

Yapo maelezo mengi ya kitaalamu, na siwezi kuyapuuza. Huenda zama zilibadilika, huenda vijana wa awali walikuwa tofauti. Lakini nikitazama yale majaribio ya kwanza ya ujumbe naona jambo ambalo halikusafiri pamoja nayo. Ujumbe wa Dallas ulitoka kwa wilaya ya shule aliyosoma kijana, ukataja tarehe za chuo chake mwenyewe, na nyuma yake alikuwepo mshauri wa kweli aliyepokea majibu na kupanga miadi. Ule wa taifa zima ulitoka kwa jina kubwa la mbali. Ukaja kati ya matangazo ya vocha na ya wakopeshaji. Kilichopunguzwa ili dola zitoshe kwa maelfu ni mshauri, na mshauri ndiye aliyekuwa dawa. Ujumbe ulikuwa kikombe cha kuinywea.

Ushahidi wa upande wa pili upo, na ni mzito. Shirika la Bottom Line, lililoanza Boston mwaka 1997, humpa kijana mshauri kabla ya mwaka wake wa mwisho wa sekondari. Wanakaa ana kwa ana mara nyingi, wanajaza fomu pamoja, wanazisoma barua za msaada mstari kwa mstari, na akiingia chuo kimojawapo cha vile wanavyofanya navyo kazi, mshauri humfuata chuoni kwa miaka kadhaa. Andrew Barr na Castleman, huyuhuyu wa ujumbe, walilipima kwa bahati nasibu wakakuta ongezeko kubwa la wanaohitimu shahada. Vivyo hivyo utafiti wa Sarah Cohodes, Helen Ho na Silvia Robles kuhusu programu za majira ya joto za sayansi na uhandisi katika chuo kimoja mashuhuri cha teknolojia ulionyesha kwamba waliopata nafasi walimaliza shahada za fani hizo kwa wingi kuliko wenzao waliokosa. Hizo ni programu za vijana waliokwisha kung'aa, na ni ghali. Lakini hazimwachi mtu peke yake na tovuti.

Kwetu Afrika Mashariki upo mfano mdogo unaonyoosha hoja hii. Mwaka 2004 mwandishi John Manners na Mike Boit, aliyeshinda medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya 1972, walianzisha KenSAP, mradi wa kuwaandaa wanafunzi wa Bonde la Ufa waliong'ara katika mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari ili waombe vyuo vya Marekani. Wanakusanyika Iten, kwenye mji wa wakimbiaji, wanafundishwa mtihani wa SAT na kuandika insha za maombi. Mradi huchukua wachache sana kila mwaka. Udogo huo ndio unaouwezesha kumjua kila mmoja, nyumba atokayo, shamba la baba yake, hofu yake, na kumshughulikia hadi siku anayopata viza. Ukiuliza kwa nini usiongezwe mara mia, jibu ni kwamba watu wa kazi hiyo hawaongezeki mara mia kwa kubonyeza kitufe.

Nirudi kwa Waswahili wa Marekani. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imekuwa miongoni mwa nchi zilizotoa wakimbizi wengi waliopokewa Marekani tangu miaka ya 2010, na kwa wengi wao Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani. Watoto waliozaliwa katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, sasa wako kidato cha mwisho Kentucky, Ohio, Texas na Maine. Kwa sheria, mwenye hadhi ya ukimbizi anastahili msaada wa serikali kama raia, na karibu kila familia ya namna hii inatimiza masharti ya TRIO bila kupepesa. Shida inaanza kwenye vitu ambavyo hakuna mpango uliovitazamia. Wengi waliingia nchini wakiwa hawana cheti cha kuzaliwa, wakaandikiwa 1 Januari kuwa siku yao ya kuzaliwa. Majina yaligeuzwa katika hati za safari: la mbele likawa la nyuma, la babu likawa la ukoo. FAFSA hulinganisha jina na tarehe na kumbukumbu za hifadhi ya jamii. Herufi zikitofautiana, fomu inasimama. Baba hasomi Kiingereza, kwa hiyo anayemtafsiria baba maswali ya kipato na mali ni mtoto yuleyule anayeomba, naye mengine anaona haya kumuuliza mzee wake: una kiasi gani benki, wewe na mama mlifunga ndoa lini, yule mdogo wetu ni wa nani.

Kipeperushi cha Kiswahili kinasaidia, na heri kiwepo. Lakini nimewaona wazazi wetu wakikipokea kwa heshima zote, wakakikunja na kukiweka pamoja na barua nyingine ambazo hazijasomwa. Mtu mmoja katika ofisi ya mradi anayeweza kusema "Shikamoo mama, tuketi tujaze" anamaliza kwa nusu saa kilichokwama tangu Februari. Miradi michache inamwajiri mtu wa namna hiyo. Bajeti humwandika kama mkalimani wa kuitwa kwa saa, na saa hizo hukatwa shule zikifungwa.

Hapo ndipo kalenda inapogongana na maisha. Chama cha washauri wa shule cha Marekani kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na katika majimbo mengi mshauri mmoja anawabeba wengi zaidi ya hao. Zaidi ya hilo, mikataba ya washauri wengi ni ya miezi kumi. Juni wanarudisha funguo. Upward Bound wenyewe huwaingiza kampasi vijana waliomaliza sekondari katika baadhi ya miradi yake kwa majira yale ya mwisho, na hao wana bahati, maana wako chini ya macho ya mtu wakati bili zinapoingia. Talent Search, unaohudumia vijana wengi zaidi kwa fedha kidogo sana kwa kila mmoja, hauna uwezo huo.

Castleman na Page walilijaribu jambo hili kabla ya kujaribu ujumbe, huko Boston na katika wilaya ya Fulton, Georgia. Waliwalipa washauri wabaki kazini katika likizo na kuwatafuta vijana waliokwisha kukubaliwa, wakae nao, waisome bili, wapige simu chuoni pamoja. Walioingia chuo waliongezeka, na ongezeko lilikuwa kubwa zaidi kwa wale wa familia maskini. Gharama ilikuwa kati ya dola 100 na 200 kwa kijana. Hiyo ndiyo hesabu iliyoshindwa mbele ya dola 7.

Bajeti ambayo serikali ya Marekani iliipendekeza mwaka 2025 kwa mwaka wa fedha wa 2026 ilitaka TRIO ifutwe kabisa. Hoja iliyotolewa ni kwamba kufika chuo si kikwazo tena kwa watu maskini kama ilivyokuwa zamani. Nimeisoma hoja hiyo nikiwa na takwimu za Juni na Julai mkononi, na siioni ikisimama. Vyuo vimefunguka kweli: barua za kukubaliwa ni nyingi, na kijana maskini mwenye bidii huzipata hata tatu. Kati ya barua hiyo na kiti cha darasani kuna majuma kumi ambayo hayamo katika mkataba wa mtu yeyote. Ningepewa nafasi ya kuandika upya mstari mmoja tu wa miradi hii, nisingegusa mitaala wala ziara za vyuo. Ningerefusha mikataba ya washauri hadi tarehe 31 Agosti, na kwa wilaya zenye wakimbizi ningeandika jina la lugha karibu na kila nafasi ya kazi.